Nusu Saa Mbele ya Geji

4 Februari

Dada, shikamoo.

Mkaguzi wa masomo ya ufundi alisema jana saa nne asubuhi, kwenye chumba cha walimu, kwamba kuanzia Juni hatakagua tena madaftari yetu. Atakagua mikono. Nimelitanguliza hilo kabla ya habari za nyumbani kwa sababu tangu aliseme sijakaa kitako.

Sisi hatujambo. Goti la Mama limepungua uvimbe, anakwenda dukani na kurudi bila fimbo, na akirudi anatuhesabia hatua. Mke wangu anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu, yakiwemo madaftari ya wanafunzi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tarehe 10 Juni mkaguzi atapiga kura kuchagua wanafunzi watatu wa kidato cha mwisho. Hao watatu, na mimi wa nne, kila mmoja ataunganisha bomba la chuma lenye kona tatu kwenye ubao wenye alama. Likishafungwa linajazwa maji, linasukumwa kwa pampu ya mkono mpaka geji ya presha isome sita, kisha tunakaa nusu saa tunautazama mshale. Ukishuka, umefeli. Shule ikionekana haina mwalimu wala wanafunzi wa kazi hiyo, somo linafungwa. Wanafunzi wangu ishirini na wawili watahamishiwa biashara, somo ambalo hawajawahi kufungua kitabu chake, miezi mitano kabla ya mtihani wa taifa.

Mwalimu wa kilimo aliuliza, "Na sisi utatupa majembe?"

Mkaguzi akamjibu, "Na mahali pa kulima."

Hakuna aliyecheka.

Unajua mimi nilisomea fizikia. Mwalimu wa bomba alipostaafu, mkuu wa shule alipitisha kidole kwenye orodha ya walimu, kikasimama kwangu. "Wewe si unafundisha presha ya maji? Ni hayo hayo." Miaka mitatu sasa nafundisha hayo hayo. Nilipelekwa chuo wiki sita, tulikuwa watu sitini kwenye karakana yenye jiliwa mbili za kubania bomba. Siku ya kukata uzi kwenye mdomo wa bomba ili lishike kona, mpini mmoja tuliushika wanne. Nikapewa cheti.

Likizo ya Aprili inaanza tarehe 11. Njoo siku mbili tu. Wanafunzi wa kidato cha mwisho watabaki shuleni. Nataka wakuone ukifanya, na mimi nione.

Mdogo wako

*

22 Februari

Mwalimu, marahaba.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ghorofa ya tatu wakati wa mapumziko. Nilipofika kwenye mpini wa watu wanne nikacheka hadi msimamizi akauliza kama nimepewa likizo. Yaani una digrii ya maji na bado unaloa.

Huku wazima. Binti yangu amegoma kusukwa, anasema nywele ni zake. Mwambie Mama aache kuhesabu hatua, atalichosha goti kwa sifa. Tunaweka maji kwenye jengo la wodi, ghorofa nne, vyoo arobaini na vinane. Nina watu sita chini yangu, na mmoja wao anaogopa ngazi.

Sikiliza. Usifundishe kitu chochote kabla hujakifanya mwenyewe, peke yako, hakuna mtu mlangoni. Kata bomba, kata uzi, funga kona, jaza maji. Halafu utaniandikia.

Kwanza, vipimo. Kwenye mchoro wako mstari unafika kwenye kona na kugeuka. Bomba haligeuki. Linaingia ndani ya kona na kuishia humo, na kona yenyewe ina mwili. Ukikata kwa urefu wa mstari litazidi. Pima kona unayoishika mkononi, si ya kitabuni, ndipo upunguze.

Pili, uzi. Ukikata, tia mafuta. Sogea nusu mzunguko, rudi robo, ili chuma kilichokatwa kidondoke. Ukikazana kwenda mbele tu unachana uzi.

Tatu, ile tepu nyeupe ya kuziba uzi. Elekeza mdomo wa bomba kwako, zungusha tepu kama mshale wa saa, vuta ibane, mizunguko sita au saba. Ukiizungusha kinyume, kona ikiingia inaivua.

Ni hayo. Mengine yanajifunza vidole.

Dada yako

*

9 Machi

Dada, shikamoo.

Mama anakusalimu, mtoto ana meno manne. Mke wangu ameniuliza kwa nini nanuka grisi. Nimemwambia ni fizikia.

Nimefanya kama ulivyosema, ila kwanza nilipambana na mtunza stoo. Mashine ya mkono ya kukatia uzi ninayotumia meno yake yamekufa. Yeye ana seti mpya, bado imo kwenye karatasi ya kiwandani. Ameitunza miaka tisa.

"Haijapata hata mkwaruzo," akaniambia.

"Ndiyo maana naitaka."

"Ikipata mkwaruzo nitajibu nini?"

"Utajibu kwamba imefanya kazi."

Akanitazama kama nimemtukania mtoto. Nilisaini kwenye kurasa tatu, mkuu wa shule akasaini ya nne, nikapewa. Alinisindikiza hadi mlango wa karakana akasimama pale dakika kumi.

Bomba langu la kwanza lilizidi kwa sentimita tatu na nusu. Ule mwili wa kona. Miaka mitatu nimechora mistari ubaoni, na wanafunzi wameinakili, wamenijibu sahihi, nimewapa alama. Bomba la pili lilivuja kwenye kona ya kati. La tatu lilishika. Nilikaa peke yangu mbele ya geji nusu saa, mshale haukutikisika, nikaongeza nusu saa nyingine kwa kutoamini macho yangu.

Jumatatu nikaonyesha darasa. Hatua kwa hatua, polepole, mara mbili. Kisha wiki nzima wakafanya wao, wawili wawili, mabomba kumi na moja. Nane yakavuja.

Nane, Dada. Nimewaonyesha kile kile nilichofanya mimi kikashika.

Hukunijibu kuhusu Aprili. Tarehe 11 ni Ijumaa. Ukifika Jumamosi asubuhi tutakuwa tayari.

Mdogo wako

*

6 Aprili

Dada, shikamoo.

Wiki nne tangu nikuandikie, sijapata barua yako. Mama anasema ulimpigia simu, mkaongea habari za goti na nywele za binti yako, na alipokuuliza kama unakuja ukasema mtandao unakatika. Likizo ni Ijumaa hii. Tumejaribu tena mabomba manane: sita yamevuja. Nisipokuona Jumamosi nitajua kuna jambo.

Mdogo wako

*

21 Aprili

Mwalimu, marahaba.

Sikuja. Kazi ilikuwa nyingi.

Binti yangu amenyoa kabisa, mzozo umekwisha. Yule mtu wangu anayeogopa ngazi ameomba ahamishiwe kuchimba mitaro, na huko chini amekuwa simba.

Habari unayonipa haina msaada. "Nane yamevuja." Hivyo ndivyo anavyosema mwenye nyumba. Fundi anasema yamevuja wapi. Kwenye kona ipi? Upande wa kuingilia au wa kutokea? Linatoa jasho au linarusha? Ukilifungua, uzi uko vipi, tepu iko vipi? Nani alilifunga? Chukua daftari, wewe si mtu wa madaftari? Lifungue kila moja kwa mkono wako uandike. Usirekebishe chochote kabla hujaandika.

Na usimchokoze Mama anichunguze kwa simu.

Dada yako

*

4 Mei

Dada, shikamoo.

Mama hajachokozwa na mtu. Yeye mwenyewe ameniambia kwamba kila akipiga Jumamosi, binti yako anapokea na kusema mama ametoka. Alimuuliza umekwenda wapi, akajibu, "Nimeambiwa niseme ametoka." Mama amekaa na hilo jibu wiki nzima. Mimi pia. Kama ni ugonjwa, sema. Kama ni mchumba, sema vilevile, tutafurahi kwa zamu.

Sasa daftari. Tumefanya mabomba kumi na moja mapya, nikayafungua yote. Manane yamevuja. Hakuna linalorusha, yote yanatoa jasho, kisha mshale unashuka taratibu kutoka sita hadi nne ndani ya robo saa. Yanavuja kwenye kona yoyote, hakuna mpangilio. Uzi ni mzuri, nimeupitisha ukucha. Meno mapya yamefanya kazi yake (mtunza stoo huja kuyasalimia). Tepu ndiyo shida: kwenye yale manane imejikusanya nje ya kona kama kola ya shati, na ndani hakuna kitu. Uliandika Februari kwamba ikizungushwa kinyume kona inaivua. Ni hiyo. Lakini mimi naizungusha sawa! Nimewaonyesha mara nne, nikiwa nimewakabili, mikono juu ili hata wa nyuma waone. Wanaizungusha kinyume huku wananitazama.

Walioshika ni jozi tatu zile zile. Si bora darasani. Ni wale sita wa zamu ya kufagia bweni, wanaochelewa kila Jumatatu. Nimeshawagombeza mara tatu.

Zimebaki siku thelathini na saba. Mkuu wa shule ameanza kuwauliza walimu wa biashara kama wana viti vya ziada.

Mdogo wako

*

12 Mei

Mwalimu,

Si ugonjwa na si mchumba. Jumamosi ni zangu.

Hao wachelewaji sita, wakiingia huwa wanasimama wapi? Na wewe ukionyesha, unasimama wapi?

Nakuuliza kwa sababu hii. Mimi nilijifunza kwa yule mzee aliyekuwa na duka la vifaa karibu na kituo cha maji. Miezi kumi na moja nilibeba mfuko wake nikasimama nyuma ya bega lake la kulia. Hakuwahi kugeuka akanitazama. Nilidhani ananidharau. Niliposhika spana mara ya kwanza nilikuta mikono yangu inajua pa kwenda. Mwezi uliopita nilimwonyesha mtu wangu mpya kufunga tepu, tumekaa tunatazamana juu ya ndoo, akaifunga kinyume. Nikamwita mjinga. Barua yako imenifanya nimwombe radhi, na sijamwambia kwa nini.

Nijibu hayo mawili haraka.

Dada yako

*

19 Mei

Dada, shikamoo.

Wanasimama nyuma yangu.

Jiliwa ninayoonyeshea imejengewa kwenye zege katikati ya karakana. Kumi na sita wanajipanga mbele yangu kama darasani. Sita wakichelewa, mbele kumejaa, wanapita ukutani na kujibana mgongoni kwangu karibu na mlango wa stoo. Wale kumi na sita wananiona kama mtu anavyojiona kwenye kioo: mkono wangu wa kulia ni wa kushoto kwao, na wananiiga hivyo hivyo. Uzi wa bomba haujali kioo. Una mwelekeo mmoja tu.

Nimewagombeza mara tatu watu pekee waliokuwa mahali sahihi.

Na hili nilifundishwa. Chuo cha ualimu, mwaka wa pili, msimamizi wangu wa mazoezi aliniandikia kwa wino mwekundu: "Unawapa wanafunzi mgongo." Nikapunguziwa alama. Tangu hapo sijawahi kuwapa mgongo hata nikiandika ubaoni, naandika kiupande kama kaa.

Alhamisi iliyopita sikuonyesha chochote kabla ya kuwaambia wote wahamie nyuma. Hawakunielewa. Yule msichana wanayemwita Wakili akauliza, "Mwalimu, tumekukosea?" Nikasema, "Mimi ndiye niliyekosea, njooni huku." Nikawaweka sita sita, begani kwangu kulia na kushoto, wengine juu ya benchi. Mkuu wa shule akapita dirishani, akaona darasa zima limejazana mgongoni kwa mwalimu na mbele hakuna mtu. Akaingiza kichwa.

"Mmegombana?"

"Tunafundishana, mkuu."

"Huyo unayemfundisha huko mbele ni nani?"

Darasa likacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Februari.

Mabomba kumi na moja: tisa yameshika. Moja lilikuwa na kona yenye ufa, jingine Wakili alilikaza mpaka uzi ukalia. Ana nguvu kuliko subira.

Nashukuru, Dada. Ila Mama bado yuko na lile neno, "ametoka". Anasema ulipokuwa mdogo ulificha jino bovu mwezi mzima. Mimi sikuchimbi. Nauliza jambo moja: linaumiza?

Mdogo wako

*

30 Mei

Mwalimu, marahaba.

Mwambie Mama jino lile lilitoka lenyewe.

Tisa kati ya kumi na moja ni kazi. Sasa yale ya siku yenyewe. Mkijaza maji, jazeni polepole, na fungueni ile koki ya juu kabisa hadi itoe maji bila kutema. Hewa ikibaki ndani, mshale utacheza na mkaguzi atadhani mnavuja. Mwambie huyo Wakili akaze hadi mkono ukatae, kisha robo tu, kisha aweke spana chini na kuondoka. Aondoke kabisa, akae mbali nayo.

Na wewe? Barua tatu sasa umenieleza mikono ya wanafunzi. Yako sijaisikia tangu Machi. Umekata uzi mara ngapi tangu siku ile? Usije ukawa unaonyesha bomba moja kila Jumatatu huku wao wanakata kumi.

Huku tumemaliza ghorofa ya pili. Presha ilishika saa mbili nzima. Msimamizi akaja na kalamu akasaini.

Dada yako

*

11 Juni

Dada, shikamoo.

Mkaguzi aliandika saa tisa na dakika ishirini jana, mbele yangu, kwamba wanafunzi wamefaulu na mwalimu amefeli. Nakupa yote kwa mpangilio.

Alifika saa mbili na geji yake mwenyewe kwenye mfuko wa kitambaa. Akasema hatumii za shule. Kura ikawaangukia wachelewaji wawili na Wakili. Kila mtu dakika arobaini. Tulifanya kazi pande nne za karakana, hakuna kuongea. Mtunza stoo alikuja amevaa tai.

Wa kwanza alimaliza kwa dakika thelathini na moja, wa pili thelathini na sita. Wakili alimaliza dakika ya thelathini na nane, akaweka spana chini, akatoka hadi mlangoni na kukunja mikono. Mkaguzi akamuuliza, "Mbona unakimbia kazi yako?" Akajibu, "Nimeambiwa nikae mbali nayo." Mkaguzi akaandika. Mabomba yote matatu yalisoma sita mwanzoni na sita nusu saa baadaye.

Langu lilishuka.

Kona ya pili. Nilikuwa na dakika kumi na mbili mkononi. Uzi ulipanda vibaya, nikahisi mkono unakataa mapema kuliko kawaida. Ningerudi nyuma nianze upya, ingenichukua dakika tatu. Nikakaza. Ulipoingia nilijua haukuingia sawa. Nilikaa nusu saa nzima nikijua, natazama mshale ukitoka sita, tano na nusu, tano.

Mkaguzi akavuta kigoda akakaa karibu yangu. Hakuwa mkali.

"Umekata uzi mara ngapi maishani?"

Uliniuliza swali hilo hilo na nilikusudia nisikujibu. Nilikuwa nimehesabu. Nikamwambia, "Arobaini na moja."

"Fundi anamaliza hizo kwa siku mbili."

"Najua."

"Watoto hawa wamejifunzia wapi?"

"Hapa."

"Kwa nani?"

Wakili akajibia mlangoni: "Kwake. Ametuweka mgongoni." Mkaguzi akataka aelezwe, akaelezwa, akaomba aonyeshwe. Alisimama nyuma yangu dakika tano nikizungusha tepu, kisha akahamia mbele akanitazama tena, kisha akarudi nyuma. Akasema ametembelea karakana nyingi na kote walimu wanawakabili wanafunzi. Akaandika nusu ukurasa.

Uamuzi wake: somo halifungwi kwa sasa. Wanafunzi watafanya mtihani wao. Mimi siruhusiwi kuwasimamia kwa vitendo hadi nimefanya wiki nne kwenye eneo la kazi, chini ya fundi anayeweka mabomba kila siku, kisha nijaribiwe upya Jumatatu tarehe 4 Agosti. Nikifeli mara ya pili, somo linafungwa, na ishirini na wawili wanakwenda biashara wakiwa wamebakiwa na miezi mitatu. Karatasi inasema, "Anafundisha vizuri kuliko anavyofanya." Nimeisoma mara nyingi. Sijaamua kama ni sifa.

Ameniachia nichague eneo la kazi. Sikuombi uje tena. Naomba nije mimi. Likizo inaanza Ijumaa tarehe 4 Julai.

Mama hajambo. Nimemwambia wanafunzi wamefaulu. Hayo mengine bado.

Mdogo wako

*

20 Juni

Mwalimu, marahaba.

Mwambie Mama yote. Nami nimempigia leo nikamwambia yangu, kwa hiyo usije ukabaki mwongo peke yako.

Yangu ni haya. Jumamosi nakwenda darasani. Watu kumi na wanne kwenye chumba nyuma ya ofisi za usajili wa mafundi, mimi ndiye mwenye mvi. Kuanzia mwezi wa nane, kwenye jengo hili, bomba likipimwa presha anayesaini lazima awe na cheti. Kazi yangu ya miaka kumi na tisa huwa inasainiwa na msimamizi, ambaye hajawahi kukata uzi. Nisipopata cheti nitawekewa mtu juu yangu na mimi nitarudi kubeba.

Jaribio la mikono nilifaulu mwaka jana kwa dakika ishirini na mbili. La karatasi nimefeli mara mbili. Mara ya pili ilikuwa tarehe 16 Aprili. Matokeo yalitoka siku tatu baadaye, ndipo nikakuandikia kwamba kazi ilikuwa nyingi. Ulitaka nije nisimame mbele ya darasa lako uniite fundi, na wiki hiyo hiyo nakwenda kukaa kwenye dawati nisijue kujibu. Sikutaka wewe ujue, wewe hasa. Sisi wote nyumbani tuliacha shule ukabaki wewe.

Wanataka nichore kona hiyo hiyo ikionekana kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Mimi naijua kwa vidole. Nikiichora inakuwa kama sikio. Mwalimu wetu wa Jumamosi anachora ubaoni haraka, anatukabili, anauliza, "Mmeelewa?" Tunaitikia, "Ndiyo." Hakuna aliyeelewa.

Mtihani wa tatu ni Jumamosi tarehe 26 Julai, saa tatu. Baada ya huo unasubiri mwaka mzima. Nina saa moja ya mapumziko mchana, na kazi inaisha saa kumi na moja. Sitaki kuhurumiwa na sitaki hotuba. Nataka michoro.

Kuhusu mikono yako: kona ikipanda vibaya inarudishwa, hata kama anayesubiri ni mkaguzi, rais au mama mkwe. Huku utarudisha nyingi. Ghorofa ya tatu ina kona mia mbili na sita na hakuna iliyoguswa.

Nimeongea na msimamizi. Kwenye fomu yake hakuna sehemu ya kuandika mwalimu, amekuandika kibarua namba saba. Utalala chumba cha binti yangu, yeye atahamia kwangu, ameshakubali baada ya majadiliano. Vaa viatu vya ngozi, si vile vya darasani. Leta kalamu za risasi, rula ndefu, na vitabu vyako vya michoro vyote, hata vya mwaka wa kwanza.

Jumatatu tarehe 7 Julai, saa moja kamili asubuhi, geti la nyuma. Saa moja na dakika tano wanalifunga.

Dada yako